Kipya Kinyemi: Furaha ya Saa Nzuri Hudumu kwa Muda Gani?

Pesa ya Kanda ya Ziwa huja kwa mafungu. Mvuvi wa dagaa wa Igombe au Kayenze hutoka na taa zake usiku wa giza. Mwezi ukishakua, mitumbwi huvutwa ufukweni, hesabu hupigwa, mafuta na chakula cha kambi hukatwa, kisha kila mtu hupewa chake. Mkulima wa pamba wa Kwimba au Magu hupalilia na kupiga dawa kwa miezi kabla msimu wa ununuzi haujafunguliwa. Mchimbaji mdogo wa Geita anaweza kukaa wiki kadhaa akila kwa mama lishe kwa daftari, halafu siku moja mwamba unakubali. Hata mwalimu wa Nyamagana, ambaye mshahara wake jirani zake wote wanaujua, ana siku yake: zamu yake kwenye mchezo wa upatu, malimbikizo yaliyochelewa, na mwishowe mafao ya kustaafu.

Siku ya fungu ndiyo siku ya saa. Mtu anapita Makoroboi, jijini Mwanza, kwa wamachinga, au anaingia kwenye maduka ya Barabara ya Nyerere na Mtaa wa Rwagasore, anaomba aoneshwe ile ya pale pembeni, anavishwa, anageuza mkono kulia na kushoto. Muuzaji anasema imempendeza. Mfukoni fungu bado zima. Hapo ndipo ushauri unapohitajika, na hapo ndipo hausikilizwi kabisa, kwa hiyo nauandika kwa ajili ya msomaji ambaye leo mfuko wake ni mtupu na akili yake imetulia.

Kwanza niondoe wasiwasi: sina ugomvi na saa ya mkono. Wapo wanaosema simu inatosha. Hao hawajawahi kujaribu kuichomoa simu mfukoni ndani ya daladala ya Buzuruga jioni, mkono mmoja umeshika bomba na mwingine umebanwa na mfuko wa abiria mwenzao. Wala hawajaitoa simu juu ya mtumbwi ziwa likiwa limechafuka. Saa ni chombo kizuri, na saa nzuri ni kitu cha kupendeza. Shida yangu ni matarajio. Watu wengi hulipia saa kwa bei ya furaha waliyo nayo pale dukani, kana kwamba furaha ile imeuzwa pamoja na saa na itakaa nayo ndani ya boksi. Haikai.

Wazee walishalisema hili: kipya kinyemi, ingawa kidonda. Wasichotuambia ni unyemi huo unachukua muda gani kuisha, na hilo ndilo swali la mtu anayetaka kutoa laki tatu.

Jibu langu, kwa kuangalia mikono ya watu kwa miaka, ni kwamba furaha kali hudumu kama wiki mbili au tatu. Katika muda huo mtu hutazama saa bila kutaka kujua saa ngapi. Hukunja mkono wa shati hata kukiwa na baridi ya mvua za masika. Akiulizwa saa, hujibu taratibu. Baada ya hapo inakuja miezi miwili mitatu ya furaha ya hapa na pale: siku ya harusi, siku ya Ijumaa au Jumapili, siku mgeni alipoisifia. Kisha saa inakuwa saa. Inaonesha majira, basi. Mwenyewe akiisahau juu ya meza hagundui mpaka mchana.

Hayo ni makadirio yangu, lakini wapo waliopima jambo linalofanana kwa uangalifu zaidi. Sebastian Galiani, Paul Gertler na Raimundo Undurraga walifuatilia familia maskini za El Salvador, Mexico na Uruguay zilizojengewa nyumba na shirika liitwalo TECHO. Familia hizo zilikuwa zikiishi kwenye vibanda. Zikapata nyumba ndogo lakini imara. Kuridhika kwao na maisha kulipanda sana, jambo ambalo halimshangazi mtu. Kinachoshangaza ni kilichofuata: baada ya wastani wa miezi minane, asilimia 60 ya ongezeko hilo ilikuwa imekwisha. Nyumba zilikuwa bado zimesimama, mvua bado hainyeshei watoto, ila mioyo ilikuwa imeshazizoea. Sasa ikiwa nyumba, inayobadilisha usingizi wa familia nzima, hupoteza zaidi ya nusu ya furaha yake kwa muda huo, saa ya mkono isitegemee kushinda.

Kuna utafiti mwingine wa zamani zaidi, wa mwaka 1978, ambao Philip Brickman na wenzake waliufanya kwa washindi wa bahati nasibu huko Illinois, Marekani. Washindi hawakuonekana kuwa na furaha kuliko watu wa kawaida kwa kiasi cha kutajika. Ila kipengele ninachokikumbuka zaidi ni kingine: walipoulizwa kuhusu raha ndogo za kila siku, kama kupata kifungua kinywa au kuzungumza na rafiki, walizithamini kidogo kuliko wenzao ambao hawakushinda kitu. Mpenzi wa saa aliangalie hili kwa makini. Aliyevaa saa ya laki tano harudi kwa urahisi kwenye ile ya elfu thelathini aliyokuwa akiiona nzuri mwaka jana. Hajaongeza furaha, amepandisha tu kiwango cha kitu kinachoweza kumfurahisha.

Hapa mtu anaweza kuuliza, kwani saa yenyewe imebadilika? Haijabadilika, na hapo pana somo. Tarehe 25 Desemba 1969 kampuni ya Seiko ilianza kuuza Tokyo saa iliyoitwa Astron, saa ya kwanza ya mkono ya kwatzi kuingia sokoni. Bei yake ilikuwa yeni 450,000, ambazo wakati ule zingeweza kukununulia gari dogo. Watu walilipa kwa sababu ilipotea sekunde tano tu kwa mwezi, wakati saa nzuri za mashine zilikuwa zikipotea sekunde kadhaa kila siku. Leo teknolojia hiyo hiyo, kijiwe cha kwatzi ambacho siku hizi hutetemeka mara 32,768 kwa sekunde, imo ndani ya saa zinazoning'inia kwenye kibanda cha mmachinga yeyote wa Mlango Mmoja. Hakuna anayeishangaa. Kwetu pia ilikuwa hivyo hivyo. Enzi ushirika wa pamba ulipokuwa na nguvu Usukumani, baada ya Victoria Federation of Co-operative Unions kuundwa mwaka 1955, baiskeli, redio na saa vilimtambulisha mtu kijijini. Katika uhaba wa miaka ya mwanzo ya 1980, kabla milango ya biashara haijafunguliwa, saa kutoka nje ilitafutwa kama dawa. Ukiivaa saa ya aina ile leo sokoni Kirumba, hakuna atakayegeuka.

Maana yake ni kwamba ukilipa pesa nyingi kwa saa, hulipii kujua wakati. Casio ndogo ya plastiki, ile F-91W iliyotoka mwaka 1989 na ambayo betri yake hukaa karibu miaka saba, inajua wakati kuliko saa ya mashine ya mamilioni. Unalipia uzuri, ufundi, heshima, au kumbukumbu. Vyote hivyo ni halali. Lakini kila kimoja kina muda wake wa kuchuja, na ni vizuri ujue unanunua kipi.

Heshima ndiyo huchuja haraka kuliko vyote, kwa kuwa haiko mikononi mwako. Iko machoni pa jirani, na jirani naye ana fungu lake linakuja. Ng'ambo ya pili ya ziwa hili, Rarieda katika kaunti ya Siaya nchini Kenya, kati ya mwaka 2011 na 2013 shirika la GiveDirectly lilitoa pesa za bure kwa M-Pesa kwa familia zilizochaguliwa kwa kura. Johannes Haushofer na Jeremy Shapiro walipima matokeo. Waliopata walinunua mabati, mifugo, vyombo vya ndani, na hali zao za moyo zikawa nzuri zaidi. Lakini watafiti walipowaangalia majirani, waligundua kuwa utajiri wa mwenzako unapoongezeka, kuridhika kwako na maisha kunashuka, na kwa asiyepata kitu ndiko kunashuka zaidi. Nao ni watu wa ziwa hili hili, wanaokula sangara na dagaa kama sisi. Kwa hiyo ukinunua saa ili Fulani aione, fahamu mambo mawili: utakuwa umemwondolea raha yake kidogo, na yeye atakapokuja na yake kubwa zaidi atakurudishia hesabu hiyo. Sijaona mchezo wenye faida ndogo kama huo, na naujua mchezo wa kuzungushana pesa vizuri.

Uzuri na ufundi huchuja polepole zaidi. Mtu anayependa saa kwa jinsi ilivyotengenezwa, anayejua kwamba ndani mna gurudumu linalocheza huku na huko, kwamba haina betri bali hujijaza kwa mtikisiko wa mkono wake, ana cha kutazama kila siku. Seiko 5, ambayo ukoo wake ulianza mwaka 1963, imewapa raha hiyo watu wengi wa kipato cha kawaida duniani. Lakini jiulize kwa ukweli kama wewe ni mtu wa namna hiyo. Kama hujawahi kutaka kujua mashine ya cherehani inafanyaje kazi, usijidanganye kuwa utaipenda mashine ya saa kwa sababu kifuniko chake cha nyuma ni kioo.

Kumbukumbu ndiyo hudumu. Nitarudi huko.

Sasa tuingie dukani. Jambo la kwanza ni kuchelewa. Ukiipenda saa, iache pale pale, ukiwa umeshaijua bei na jina lake, na usiirudie mpaka giza moja lipite na mwezi ukue tena. Kwa asiye mvuvi: mpaka mshahara mwingine. Sikuambii hivi ili tamaa ikutoke, ingawa mara nyingi hutoka. Nakuambia kwa sababu sehemu kubwa ya furaha ya saa iko kwenye kuingoja. Mtu anayeingoja saa huiwaza akiwa kwenye daladala, huiona mkononi mwake kabla hajaivaa, huuliza, hulinganisha, hubishana na marafiki kijiweni. Yote hayo ni raha ya bure. Anayenunua palepale hulipa bei ile ile na kuitupa sehemu hiyo ya bidhaa. Na saa haitaisha. Muuzaji akikuambia imebaki moja, mwambie nyingine zitakuja. Zitakuja.

La pili ni kugawa fungu kabla ya kutoka nyumbani. Karo, pembejeo, kodi ya pango, nyavu, deni la mama lishe, fungu la mama aliyeko Ukerewe. Kinachobaki baada ya hapo ndicho cha kwako, na ndani ya hicho saa isizidi kiasi ambacho kikipotea hutakonda. Kwa saa inayovaliwa kwenye daladala na sokoni, kupotea si nadharia.

La tatu nalisema kwa sauti: usinunue saa kwa mkopo. Sizungumzii mkopo wa benki wa kujenga; nazungumzia ile mikopo inayoitwa kausha damu, na ile ya kubofya kwenye simu usiku. Mwaka 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza kuzifungia programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni, na hiyo ni dalili ya jinsi biashara hiyo ilivyokuwa imeenea. Kuna sababu moja mahususi ya kutoichanganya na saa. Moyo huzoea kitu kizuri upesi, lakini deni hauruhusiwi kulizoea. Kila wiki linakukumbusha kwa ujumbe, kwa simu, kwa mtu kusimama mlangoni. Katika mwezi wa pili furaha imeshatulia na rejesho lipo palepale. Mwezi wa tatu mtu anaitazama saa yake na kuona rejesho. Lipa mdogo mdogo ina unafuu kama hakuna riba na muuzaji anabaki na saa mpaka umalize, maana hapo unaingoja. Ukiwa umeshaivaa, ni mkopo tu wenye jina tamu.

Kuhusu bei, kuna hesabu inayosaidia kuliko kubishana kama kitu ni ghali. Igawe bei kwa siku utakazoivaa kweli. Saa ya shilingi 360,000 ikivaliwa kila siku kwa miaka 10 inakugharimu chini ya shilingi 100 kwa siku, haifiki bei ya andazi. Saa hiyo hiyo ukiichoka ndani ya miaka miwili na kutamani nyingine, ni karibu shilingi 500 kwa siku. Saa ya shilingi 1,200,000 inayotoka kabatini Jumapili tu, kwa miaka 10, ni zaidi ya shilingi 2,300 kila inapovaliwa. Hesabu hii haikukatazi kitu. Inakuhamisha tu kutoka kwenye wiki tatu za furaha kwenda kwenye miaka ya matumizi, na huko ndiko bei inakopaswa kupimwa. Ndiyo maana napendelea saa ambayo mtu anaweza kuivaa kazini kuliko ile anayoogopa kuivaa.

Na kazi za huku zina mambo yake. Ukiona saa imeandikwa 3 BAR au 30M, usidhani unaweza kuzama nayo mita 30. Inamaanisha inavumilia kunawa mikono na manyunyu ya mvua. Iliyoandikwa 50M inaweza kuogelewa kidogo. Kwa anayeingia majini kila siku kuvuta nyavu au kusukuma mtumbwi, anza na 100M. Maji ya ziwa letu hayana chumvi, kwa hiyo hayali chuma kama bahari ya Dar es Salaam na Tanga, lakini mchanga na ute wa samaki huingia kila penye tundu. Mkanda wa ngozi na dagaa havipatani. Baada ya mwezi mmoja kwenye soko la samaki la Mwaloni utaacha saa nje ya nyumba. Chukua mpira, nailoni au chuma. Aliye ofisini avae ngozi kwa raha zake, mradi asioge nayo.

Saa ya betri inamfaa asiyetaka usumbufu. Ile ya kujijaza kwa mkono ikilala kabatini siku mbili husimama, na unaanza upya kutega majira. Pia inahitaji kufunguliwa na kupakwa mafuta kila baada ya miaka kadhaa. Uliza kwanza kama yupo fundi mjini anayeiweza. Mishale au namba ni suala la macho yako, ingawa nitatetea mishale kidogo: kwa sisi tunaosema saa moja wakati mshale uko kwenye saba, kusoma ng'ambo ya pili ya uso wa saa ni rahisi kuliko kutoa sita kwenye namba. Wapo wazee wanaotega saa zao moja kwa moja kwa hesabu ya Kiswahili, na hawakosi daladala wala meli.

Feki ni mada inayotaka makala yake. Kwa kifupi, saa iliyoandikwa jina la Uswisi na kuuzwa kwa bei ya debe la mahindi unajua na muuzaji anajua. Mshale wa sekunde ukiruka mara moja kwa kila sekunde huku usoni pameandikwa Automatic, ndani mna betri. Maandishi yaliyopinda, kitufe cha pembeni kinacholegea, tarehe isiyokaa katikati ya kidirisha chake: vyote hivyo ni ushahidi. Biashara ya bidhaa bandia ni kosa chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, na Tume ya Ushindani hukamata mizigo. Lakini mimi naipinga feki kwa sababu nyingine pia. Inanunuliwa kwa ajili ya macho ya watu, nayo macho hayohayo ndiyo anayeyaogopa mvaaji wake. Akikutana na mtu anayejua saa, anaingiza mkono mfukoni. Hata zile wiki tatu hazipati kamili. Casio halali yenye risiti ina raha zaidi, na hata hiyo uikague, maana nayo inaigizwa.

Kuhusu risiti: omba ya EFD, na boksi, na karatasi ya dhamana. Vina kazi baadaye, utaona.

Narudi kwenye kumbukumbu. Mwaka 2008 Elizabeth Dunn, Lara Aknin na Michael Norton waliwapa watu huko Kanada dola 5 au 20 asubuhi, wengine wakaambiwa wajinunulie kitu wenyewe, wengine wamnunulie mtu au watoe sadaka, kabla ya saa kumi na moja jioni. Waliotumia kwa ajili ya wengine walimaliza siku wakiwa na furaha zaidi, na kiasi hakikuleta tofauti. Baadaye, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013, watafiti hao na wenzao waliwauliza watu wa Kanada na wa Uganda wakumbuke walipotumia pesa kwa ajili yao au kwa ajili ya wengine. Uganda na Kanada hazifanani kwa kipato hata kidogo, lakini jibu lilielekea upande uleule: kumbukumbu ya kumnunulia mwingine ilifurahisha zaidi.

Kwa hiyo, ukiwa na fungu na hamu ya saa, fikiria kama mkono wa kuivaa lazima uwe wako. Binti amefaulu kidato cha nne na anakwenda bweni Tabora, ambako simu haziruhusiwi: mnunulie saa. Baba amestaafu baada ya miaka mingi bandarini Mwanza Kusini: mnunulie saa, na siku ya kumkabidhi walete ndugu. Saa ya namna hiyo huzoeleka kama nyingine, lakini inapotazamwa inamtaja mtu. Na kama ni ya kwako mwenyewe, ifunge kwenye jambo. Nunua siku ulipomaliza deni la mtumbwi, siku mtoto alipozaliwa, siku ulipopata leseni ya udereva wa basi. Usinunue kwa sababu tu Jumamosi imefika na pesa ipo. Saa isiyo na sababu huchuja kwa wiki. Yenye sababu humfanya mtu aeleze hadithi kila anapoulizwa ameipata wapi, na kila akieleza anaipata tena kidogo.

Nitaongeza hili kwa waliooa na walioolewa. Van Boven na Gilovich walionesha mwaka 2003 kwamba watu wakikumbuka pesa waliyotumia kufanya jambo, kama safari, wanaridhika zaidi kuliko wakikumbuka pesa waliyotumia kumiliki kitu. Fungu la saa ya kati linaweza kuipeleka familia kisiwa cha Saanane kwa boti, kuwatazama pundamilia na kula mchana, na likabaki. Au likawasafirisha usiku kucha kwa meli mpaka Bukoba na kuwarudisha. Siku ya safari hiyo mvua inaweza kunyesha na mtoto akatapika, na bado miaka mitano baadaye ndiyo itakayozungumzwa mezani. Sisemi usinunue saa. Nasema weka mambo yote mawili mbele yako, na mwenzako awepo, kabla hujaamua. Wengi hawaulizi kwa sababu wanajua jibu.

Vipi kwa aliyekwisha kununua na furaha imekwisha? Usikimbilie nyingine, ya pili huchuja haraka kuliko ya kwanza. Ivue kwa wiki mbili tatu, ikae kabatini, uvae ya zamani au usivae kabisa. Ukiirudia utaishangaa kidogo. Badilisha mkanda, mkanda mpya ni sehemu ndogo ya bei na huibadilisha saa nzima sura. Ipeleke kwa fundi ang'arishe kioo na kusafisha uchafu kwenye mkanda wa chuma. Akibadilisha betri, kaa hapo hapo utazame: chini ya kifuniko kuna mpira mwembamba wa kuzuia maji, na saa nyingi zinazokufa kwa maji hufa kwa sababu mpira huo ulirudishwa vibaya au haukurudishwa. Mwombe aukague na aupake grisi. Na kama saa ya betri umeamua kuiweka tu, toa betri, la sivyo siku moja itavuja na kula mashine yote.

Ukiona hata hayo hayasaidii, au ikiwa bado unailipia, iuze. Iuze mapema, kioo kikiwa hakijakwaruzwa, ukiwa na boksi, dhamana na ile risiti. Mnunuzi atataka kuivaa na kuugeuza mkono kulia na kushoto. Mwache aigeuze mara nyingi atakavyo, na bei usiitaje mpaka amalize.